Nilishukuru Kabla Sijapona

Kama unakohoa wiki ya tatu na bado unajiambia ni vumbi, weka karatasi hii chini uende ukapimwe kwanza. Ukirudi utanikuta hapa hapa. Mimi nilijiambia ni vumbi kwa miezi mitano, na vumbi la kulisingizia nilikuwa nalo, maana nina mashine ya kusaga nafaka pale Lemara, na msagaji asiyekohoa sijamwona. Nilikunywa maziwa, nikanywa tangawizi, nikanywa mafuta ya kondoo. Suruali ikaanza kunivuka. Nikatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari, halafu la pili, halafu la tatu, na bado nilikuwa nawaambia wateja, "Ni pumba tu hizi."

Mimi ni Mmeru wa Kikwe. Shule niliishia darasa la tatu. Nimebeba magunia ya watu sokoni mpaka shingo ikaota sugu. Ilipokuja ile miaka ya ruksa, mtu akaweza kununua chake na kuuza chake bila kuulizwa kibali, nikapata mashine kuukuu iliyotupwa, nikaifungua yote, nikaifunga mwenyewe, ikanguruma. Hakuna aliyenishika mkono. Nalisema hili mapema ili ujue aliyeugua ni mtu wa namna gani. Nilikuwa nimezoea kwamba nikikaza meno, jambo linakwenda. Kifua kikuu hakikujali meno yangu.

Siku niliyotema damu juu ya gunia la mteja ndiyo siku niliyokwenda kupimwa. Makohozi kwenye kikopo, asubuhi tatu. Nesi alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Akaniambia, "Baba, una TB. Miezi miwili unakuja hapa kila siku, sindano na vidonge mbele ya macho yangu. Baada ya hapo miezi sita vidonge vya nyumbani, unakuja kuchukua kila mwezi. Ukikatisha tunaanza mwanzo, na safari ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nayaandika maneno yake kama yalivyo ili nisije nikasema sikuambiwa.

Ilikuwa masika. Tulikaa kwenye benchi moja refu chini ya bati, na mvua ya Arusha ikipiga bati husikii jina lako likiitwa. Kwa hiyo tulikuwa tunaitana wenyewe. Aliye karibu na dirisha akisikia jina anampiga bega wa pili yake, wa pili anampiga wa tatu, mpaka linamfikia mwenyewe. Nilidhani nitakutana na walevi na malaya pale, maana ndivyo nilivyofundishwa. Nikamkuta mwalimu wa shule, nikamkuta mama anayenyonyesha, na mzee wa Kimaasai aliyetembea tangu alfajiri.

Makalio yalivimba kwa sindano mpaka nikawa nakaa kwa ubavu. Masikio yalianza kulia kama mashine iliyopotea mbali. Siku ya tatu nikakojoa mkojo mwekundu nikajua nimekufa. Nikarudi benchini. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kondoa, Mama Husna, Mwislamu, muuza mkaa, mwembamba kama mimi lakini mdomo wake haukuwa umekonda hata kidogo.

"Mzee, shikamoo. Mbona umekaa kama umeshaoshwa?"

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba natoa damu huku chini.

Akacheka mpaka akakohoa. "Rangi ya dawa hiyo! Sote hapa tunakojoa fanta. Siku ukikojoa maji matupu ndiyo uogope, maana hujameza."

Benchi zima likacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Krismasi.

Nje ya benchi hakukuwa na cha kuchekesha. Miaka ile mtu akikonda, watu walikuwa wameshampa ugonjwa mmoja tu. "Amekanyaga miwaya," yaani ana UKIMWI. Nilipimwa na hilo pia, halikuwepo. Na hata lingekuwepo, je? Ndiyo ningestahili walichonifanyia?

Mimi nilikuwa mtu wa kanisa. Simaanishi wa kuja Pasaka. Mawe ya msingi wa kanisa letu mengine niliyabeba kwa bega hili. Jumuiya yetu ilikuwa inasali kila Jumatano jioni, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yangu ikaangukia wiki ya tano ya sindano. Mke wangu, Mama Anaeli, akafagia ua asubuhi, akaosha vikombe vyote, akachemsha chai ya maziwa sufuria kubwa, akapika maandazi. Mimi nikavaa koti ambalo lilikuwa limenizidi kama la kaka yangu mkubwa. Tukakaa.

Saa kumi na moja tukawasikia wanakuja. Tulizijua sauti. Mzee Solomoni, kiongozi wa jumuiya, alikuwa mbele na Biblia yake yenye zipu. Nikasimama niwapokee. Wakafika kwenye geti langu la mabati. Hatua zikapungua, nikasikia mtu anasema kitu kwa Kimeru, polepole, halafu hatua zikaendelea. Wakaenda nyumba ya tatu. Baada ya dakika chache nikasikia wanaimba.

Wakaimba beti zote. Mimi na mke wangu tukazisikiliza tukiwa na vikombe ishirini mezani. Mama Anaeli hakulia. Alianza kurudisha maandazi kwenye beseni, moja moja, kama mtu anayehesabu, na mimi badala ya kumwonea huruma nikamgeuzia hasira yangu. Nikamwambia, "Hata wewe unakichemsha kikombe changu peke yake. Unadhani sioni?"

Akasema, "Nakichemsha, Baba Anaeli. Nina wajukuu wanaokuja hapa."

"Walikuja lini mara ya mwisho?"

Hawakuwa wamekuja tangu nilipoanza sindano. Binti yetu alikuwa Moshi na kila Jumamosi alikuwa na sababu mpya. Sikula maandazi yale. Alipelekewa ng'ombe.

Mchungaji alikuja mara moja. Alisali akiwa uani, amesimama, upepo ukitoka kwake kuja kwangu. Alikuwa ameahidi kuniletea meza ya Bwana nyumbani kama wanavyoletewa wagonjwa wote. Sikuwahi kuiona. Ndugu zangu mnaougua, hayo nayaandika si kwa kuwatia uchungu. Nayaandika kwa sababu yatawapata, na yakiwapata msije mkadhani Mungu ndiye aliyepita getini. Mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nazima mashine mchana, nakaa juu ya gunia, namwambia, "Kama ni wewe, sema. Na kama si wewe, hawa wanaotembea na jina lako ni akina nani?" Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu yote. Sikuiona kama dhambi wakati ule, na leo pia siioni.

Sindano zikaisha mwezi wa sita, Mlima Meru umefunikwa na wingu la baridi wiki nzima. Nilikuwa nimeongezeka mwili. Nilirudisha mkanda matundu mawili. Nesi akanipa vidonge vya mwezi mzima, akanisomea tena lile somo lake, nikaenda nyumbani. Ndipo akaja Mzee Solomoni, safari hii akaingia ndani, akakaa karibu na mlango.

"Baba Anaeli, tunamshukuru Mungu. Naona umepona."

"Bado miezi sita ya vidonge."

"Vidonge ni vidonge. Lakini watu wanasema mengi, ndugu yangu. Ukisimama mbele na sadaka ya shukrani, wakasikia kwa mdomo wako kwamba Bwana amekuponya, midomo itafungwa. Hata wateja watarudi."

Nikamwangalia mke wangu. Akasema, "Na mimi nimechoka kutazamwa bombani. Wakinikuta wanasogeza ndoo zao. Toa shukrani, Baba Anaeli, yaishe."

Wenyeji wa huku wanajua shukrani ilivyo. Mtu akipona anapeleka kanisani kitu cha kazi yake. Anasimama, anasema Mungu alichomtendea, wanamwombea, na ibada ikiisha vile vitu vinanadiwa nje, chini ya mti wa msanapiti. Nikachagua mahindi yangu mwenyewe, meupe, nikayakoboa, nikayasaga mara mbili mpaka unga ukawa laini kama poda ya mtoto. Nikajaza gunia, nikalishona kwa mkono. Nikasimama mbele ya watu. Nikasema, "Nilikuwa mgonjwa wa kifua. Bwana ameniponya." Nikasema ameniponya. Sikusema ananiponya. Wakaitikia amina kubwa.

Tukatoka nje. Mnadi alikuwa mtu mchangamfu sana, fundi cherehani. Kuku wakaenda. Mkungu wa ndizi ukaenda. Mayai yakaenda. Limau moja, moja tu, lilinunuliwa mara tatu, kila anayelinunua analirudisha ili linadiwe tena, na watu wanacheka. Halafu likaja gunia langu.

"Haya! Sembe ya Lemara! Nani anaanza?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Jamani, unga huu! Angalieni weupe huu! Mama Wilson?"

Mama Wilson akainama kufunga kamba ya kiatu cha mjukuu wake. Kiatu kile hakikuwa na kamba.

"Mzee Solomoni, tuanzishie!"

Mzee Solomoni, aliyeniambia midomo itafungwa, akaangalia saa. Mnadi akatabasamu vibaya, kama mtu aliyemeza nzi, akasema, "Huu tutauweka pembeni kidogo," akashika mkungu mwingine wa ndizi.

Nilikwenda pale mbele, nikainama, nikalibeba gunia langu. Nilikuwa sijabeba gunia miezi minne. Kifua kiliwaka. Watu wakanipisha njia, pana kabisa, na mimi nikapita katikati yao na unga wangu hadi nje ya geti, mke wangu nyuma akiwa na viatu vyake vya kanisani kwenye tope. Hakuna aliyesema "pole, mzee". Nililibeba mpaka nyumbani. Njiani nilipumzika mara tano, na kila nilipopumzika niliapa sirudi tena pale.

Sasa sikiliza kosa langu, maana nimeandika yote haya ili nifike hapa. Jumatatu ile nikatazama vidonge vyangu mezani. Nikajiambia: nimesimama mbele ya madhabahu nikasema nimepona. Nikimeza leo, basi nilidanganya, na wao walikuwa sahihi kuuogopa unga wangu. Nisipomeza, basi nimepona kweli na wao ndio wanafiki. Unaiona hiyo akili? Niliwakasirikia watu nikaliadhibu pafu langu. Nikavitia vidonge kwenye mkebe wa misumari nikaufunga. Mke wangu aliponiuliza nikamwambia, "Si ulisema yaishe? Yameisha."

Nilikaa vizuri wiki tatu. Ndiyo hatari yenyewe, unakaa vizuri. Nikasaga, nikabeba, nikaringa. Wiki ya tano kikohozi kikarudi. Siku ya kuchukua vidonge vya mwezi ikafika nikaipita, na ya mwezi uliofuata nikaipita. Mwezi wa tisa jua linakausha vumbi la Lemara, mimi nimelala kwenye kitanda nyuma ya mashine, jasho limelowesha godoro, beseni la damu chini. Mke wangu ananipikia mtori nautapika. Alikuwa ameacha kukichemsha kikombe changu peke yake. Nadhani aliona haina haja tena.

Asubuhi moja nikasikia mtu anagonga bati kwa rungu au kwa mawe.

"Hodi! Mzee, shikamoo! Umekufa au unaringa?"

Mama Husna. Uso mweusi kwa mkaa, mashavu yamejaa. Mara mbili siku ya vidonge alikuwa ameangalia benchi hakuniona. Hakujua ninapokaa. Alikuwa ameuliza mashine kwa mashine, tangu upande wa soko, mpaka akanifikia.

Mke wangu akamkaribisha. Akaingia moja kwa moja, akakaa kitandani kwangu. Kitandani, si karibu na mlango.

"Dawa ziko wapi?"

"Nilitoa shukrani," nikasema.

"Nimeuliza dawa."

Mama Anaeli akaleta mkebe wa misumari. Mama Husna akaufungua, akatazama vidonge vimechanganyika na misumari ya inchi tatu, akanigeukia.

"Sasa wewe mzee na mvi zako. Nani alikuambia Mungu anataka kushukuriwa kwa maiti? Mimi hata sala tano sizimalizi, nakiri, lakini vidonge namaliza. Inuka."

"Nesi atanitukana."

"Atakutukana sana. Inuka."

Nikamwambia siwezi kutembea. Akamwambia mke wangu, "Mama, shika huku." Wanawake wawili, mmoja wa mkaa na mmoja wa kanisa, wakanitoa kama gunia, wakanipandisha kwenye mkokoteni wa mkaa. Hivyo ndivyo nilivyorudi kutibiwa. Mimi, ambaye hakuna aliyewahi kunishika mkono. Watu waliponipisha njia safari hii nilikuwa sina nguvu ya kuapa.

Kabla hatujatoka Mama Husna aliliona gunia kwenye kona, bado limeshonwa.

"Na huu unga wa nini?"

Mke wangu akasema, "Ulikataliwa kanisani."

"Na nyinyi mkawakubalia?" Akalichana kwa kisu, akachota kiganja, akanusa. "Una wadudu kidogo. Wadudu wanachekechwa."

Nesi alinitukana kweli, mbele ya benchi lote, na kila neno lilinistahili. Tukaanza mwanzo. Sindano zote, makalio yale yale. Masikio yalianza kulia tena na mpaka leo hayajanyamaza, upande wa kushoto nasikia nusu. Hiyo ndiyo bei ya kiburi changu, na naitaja ili wewe usiilipe.

Lakini asubuhi ya tatu palikuwa na sufuria kando ya benchi. Uji wa ule unga. Vidonge vile vikikuta tumbo tupu vinalipindua, na wengi wetu tulikuwa tunakuja na tumbo tupu. Mama Husna ndiye aliyeukoroga, mke wangu ndiye aliyegawa. Mke wangu! Akimpa kila mtu kikombe, mkono kwa mkono. Vikombe vilikuwa vile vile ishirini. Yule mzee wa Kimaasai akauliza, "Leo kuna nini? Nani amekufa?" Mama Husna akamjibu, "Hakuna aliyekufa, ndiyo maana tunakunywa."

Gunia likaisha nikasaga jingine. Vuli ikanyesha, tukaitana kwa mabega. Hapakuwa na mchungaji wala kadi ya usharika, wala aliyeuliza jirani yake anasali wapi. Asipoonekana mtu siku yake, mmoja wetu anakwenda kumtafuta. Hapo ndipo mimi nilipoelewa Injili niliyoisikia miaka arobaini nikiwa nimevaa tai. Sijui kuihubiri. Najua kukoroga uji.

Nilimeza kidonge cha mwisho masika yaliyofuata. Nesi akagonga kadi yangu mhuri, akaniangalia, akasema, "Sasa shukuru." Binti yangu alikuja na watoto Jumamosi ile, nikawapokea, lakini moyo haukusahau mara moja, na sidanganyi kwamba umesahau mpaka sasa. Wiki hiyo hiyo akaja Mzee Solomoni. Usharika unataka kufurahi pamoja nami, akasema. Nisimame tena nitoe ushuhuda.

Nikamwambia, "Furahini tu. Mkimaliza, njooni mbebe ndoo za uji."

Hajaja. Mke wangu anakwenda kanisani kila Jumapili na simkatazi. Ananiombea huko, anasema. Namwambia aendelee. Mungu sijamkana. Namsemesha mashine ikizimwa, na siku hizi si maswali tu. Lakini Jumapili asubuhi kengele ikilia mimi nipo juu ya baiskeli, na karatasi ya nesi yenye majina ya wasioonekana ipo mfukoni.

Jumapili iliyopita nilikuwa Nduruma, kwa bwana mmoja mkulima wa vitunguu. Alikuwa hajaonekana dirishani miezi miwili. Nilimkuta ameketi nje, mashavu yameingia ndani, suruali ameifunga kwa kamba.

"Shikamoo, mzee. Umejisumbua bure. Nimeombewa kwenye mkutano, nimepona. Jumapili ijayo natoa shukrani."

Hasira ilinipanda mpaka kwenye sikio langu bovu. Nilitaka kumpiga. Nikakaa karibu naye, tukagusana mabega.

"Vitunguu vyako uliviombea?"

"Niliviombea, mzee."

"Halafu ukafunga maji ya mfereji?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, akasikia, akaingia ndani bila kuambiwa, akatoka na bahasha ya dawa na kikombe cha maji. Bwana yule akavishika vidonge mkononi muda mrefu.

"Nikimeza, si nitakuwa nimemwambia Mungu sikumwamini?"

"Mimi nilikwenda kumwambia namwamini, kwa kutokumeza. Nikarudishwa kwa mkokoteni. Meza."

Akameza. Akakohoa, akafuta macho. "Haya. Sasa tusali, mzee?"

"Panua mdomo kwanza. Inua ulimi."

Akainua. Vilikuwa vimeshuka. Ndipo nikavua kofia.